Kile Kiduara Kinazunguka: Tulia, Usibonyeze Mara ya Pili

Umefika kaunta ya supamaketi. Umefungua programu ya malipo, umegusa "Lipa", umeweka kiasi na PIN. Kisha kiduara kinaanza kuzunguka. Kinazunguka, kinazunguka. Keshia anakuangalia, foleni nyuma yako inaguna. Kidole kinawasha: "Si nibonyeze tena tu?"

Hapo ndipo watu wengi hulipa mara mbili. Leo tunakueleza kwa lugha rahisi skrini ya programu ya pesa inavyotengenezwa, kile kiduara kinamaanisha nini, na ufanye nini kikikwama. Ukielewa kinachoendelea nyuma ya skrini, hutakuwa na haraka ya kubonyeza.

Kwa nini skrini ina vile viboksi?

M-PESA ilipoanza Machi 2007, huduma zilikuwa kwenye menyu ya laini ya simu: orodha ya maneno, moja chini ya nyingine. Ilifaa sana kwa simu za vitufe, na hadi leo menyu za namna hiyo zinatumika. Simu za kugusa zilipoenea, kidole gumba kikachukua kazi ya vitufe, na kidole gumba kinahitaji nafasi. Ndiyo maana programu nyingi za pesa hufungua na viboksi: Tuma Pesa, Toa Pesa, Lipa Bili, Nunua Tokeni za Stima, Muda wa Maongezi.

Kuvipanga si uchawi. Mtengenezaji wa programu huanza na orodha ya huduma. Kila huduma ina vitu vitatu: picha ndogo, jina, na mahali inapokupeleka ukiigusa. Kisha anaiambia simu, "Gawanya orodha hii kwa safu wima tatu." Huduma 12 zikigawanywa kwa tatu, unapata mistari minne. Kwenye simu yenye skrini pana anaweza kuweka nne kwa nne, ikawa mistari mitatu. Orodha ni ile ile, mpangilio tu ndio hubadilika.

Ukubwa nao una sababu. Mwongozo wa Google kwa programu za Android unapendekeza kila kitu cha kuguswa kiwe na upana wa angalau milimita 9 hivi. Kikiwa kidogo zaidi, unataka Tuma Pesa unajikuta kwenye Toa Pesa. Kwa mchezo wa simu hilo ni jambo la kucheka. Kwa karo ya mtoto si la kucheka.

Na kwa nini kuna jina chini ya picha? Kwa sababu picha peke yake hudanganya. Picha ya mshale inaweza kuwa kutuma, kutoa au kurudi nyuma. Kwa hivyo kabla ya kugusa, soma neno.

Kiduara kinaingia wapi?

Viboksi vyenyewe viko tayari ndani ya simu yako, kwa hivyo huonekana papo hapo. Lakini salio lako haliko kwenye simu. Liko kwenye seva za kampuni, na lazima simu iende kuliuliza kila mara. Safari hiyo huchukua muda, na muda huo lazima ujazwe na kitu.

Mtengenezaji akiacha skrini nyeupe, utadhani simu imekufa. Akiweka kiduara, unajua kazi inaendelea. Mwaka 1993, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta Jakob Nielsen alieleza vipimo vitatu ambavyo watengenezaji bado wanavitumia. Jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anahisi ni papo hapo. Hadi sekunde moja anaona kuna kuchelewa kidogo, lakini mawazo yake hayakatiki. Ikifika sekunde 10, mawazo yanaanza kutangatanga na mtu anataka kufanya kitu kingine.

Kwenye programu ya pesa, hicho "kitu kingine" mara nyingi ni kubonyeza tena.

Ndiyo maana skrini iliyotengenezwa vizuri huwa na nyuso tatu: ya kusubiri, ya kufaulu na ya kushindwa. Ukiona programu ambayo kiduara chake huzunguka milele bila kukuambia lolote, jua mtengenezaji alisahau ule uso wa tatu.

Nyuma ya kiduara kuna safari ya kwenda na kurudi

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Ukishaweka PIN, mambo haya hufuatana:

1. Simu yako inatuma ombi kupitia mlingoti wa mtandao hadi kwenye seva.
2. Seva inakagua: PIN ni sahihi? Salio linatosha? Anayepokea yupo?
3. Kila kitu kikiwa sawa, pesa inatoka kwako na kuingia kwa mwenzako, yote kwa pamoja.
4. Seva inatuma jibu kwenye simu yako: "Imekamilika."
5. Simu inapokea jibu, kiduara kinatoweka, unaona alama ya tiki.

Sasa jiulize: netiweki ikipotea kati ya hatua ya kwanza na ya pili, nini kinatokea? Ombi halikufika. Pesa yako iko salama.

Na ikipotea kati ya hatua ya tatu na ya tano? Pesa imeshaenda. Ni jibu tu lililopotea njiani, na simu yako haijui.

Kwako wewe, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Kote ni kiduara kinazunguka. Kiduara hakijui chochote kuhusu pesa yako. Kinachojua ni kwamba simu bado inasubiri jibu. Kikizunguka kwa muda mrefu, hiyo si ishara kwamba malipo yamekataa. Na kikitoweka kwa sababu umefunga programu, malipo hayajasimama.

Kwa hivyo soma vizuri maneno yanayofuata. "Malipo yamekataliwa, salio halitoshi" ni jibu kutoka kwenye seva: pesa haijatoka. "Muda umeisha" au "Hakuna muunganisho" ni simu yako inasema haikusikia jibu: pesa huenda imetoka, huenda haijatoka. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mbona basi seva isizuie malipo ya pili?

Hujaribu. Programu nzuri huzima kitufe cha "Lipa" ukishakigusa mara moja. Pia hulipa kila ombi namba yake ya kipekee. Ombi hilo hilo likifika mara mbili kwa sababu ya netiweki mbovu, seva inaona namba ni ile ile na kulitekeleza mara moja tu.

Lakini ukirudi nyuma ukaanza upya, au ukaacha programu na kupiga menyu ya nyota na reli, hilo sasa ni ombi jipya lenye namba mpya. Huduma nyingine zitakuuliza kama kweli unataka kurudia malipo yanayofanana. Nyingine hazitakuuliza. Na hata zikiuliza, mtu mwenye haraka hugusa "Ndiyo" bila kusoma.

Seva haiwezi kusoma moyo wako. Ukimlipa mama mboga shilingi 300 mara mbili, labda umerudi kuchukua sukuma na nyanya zaidi. Kwa shilingi 300 mtaelewana kesho asubuhi. Lakini ukilipa kodi ya nyumba ya shilingi 8,500 mara mbili, zimetoka shilingi 17,000, na mwezi wako umeharibika kabla haujaanza.

Kiduara kikikwama, fuata utaratibu huu

1. Toa kidole kwenye skrini. Iache programu ikupe jibu yenyewe. Usiifunge, usizime simu.
2. Angalia meseji. Ujumbe wa kuthibitisha hauhitaji bando. Intaneti ikikwama, SMS bado inaweza kuingia.
3. Angalia orodha ya miamala, usiangalie salio pekee. Salio linaloonekana kwenye ukurasa wa kwanza linaweza kuwa la zamani, lililobaki kabla ya mtandao kukatika. Livute upya, kisha fungua orodha uone muamala wa mwisho ni upi.
4. Muulize anayepokea aangalie simu yake. Kama pesa imemfikia, mchezo umeisha.
5. Ukikosa dalili popote, ndipo ujaribu tena. Ukiweza, lipa kwa njia nyingine, kama pesa taslimu, halafu ufuatilie muamala wa kwanza ukiwa umetulia.

Na kama umeshalipa mara mbili? Nakili namba za miamala yote miwili, kisha omba kurudishiwa mmoja kupitia njia rasmi za huduma unayotumia, mara moja. Usingoje jioni. Aliyepokea akishaitoa au kuitumia, kuirudisha huwa kugumu zaidi. Kama ni mtu unayemjua, mpigie simu umjulishe ili asiiguse.

Usitafute "namba ya huduma kwa wateja" kwenye mitandao ya kijamii. Matapeli wanajua watu waliolipa mara mbili wana wasiwasi, na huwangoja huko huko. Mfanyakazi wa kweli hatakuomba PIN, hata iweje.

Wezi nao wanaweza kuchora viboksi

Umeona jinsi viboksi na kiduara vilivyo rahisi kutengeneza. Basi hata tapeli anaweza. Kuna hila mbili za kujihadhari nazo.

Ya kwanza inawalenga wenye biashara. Mteja anafungua programu bandia, kiduara kinazunguka vizuri kabisa, kisha tiki ya kijani inatokea: "Malipo yamekamilika." Anakuonyesha skrini, anachukua mzigo, anaondoka. Dawa yake ni moja: usiamini simu ya mteja. Amini simu yako wewe. Pesa haijaingia kwako, bidhaa haitoki. Mteja mwaminifu hataudhika kusubiri nusu dakika.

Ya pili inamlenga kila mtu. Unatumiwa kiungo upakue programu inayofanana na ile unayoijua. Unaweka PIN, kiduara kinazunguka na hakikomi. Hakuna seva ya malipo inayoulizwa hapo. PIN yako imeshachukuliwa, na kiduara ni cha kukuchelewesha tu. Pakua programu kutoka Google Play au App Store pekee, na usome jina la kampuni iliyoitengeneza kabla ya kuiweka. Ukishuku umeshaingia mtego, badilisha PIN mara moja kupitia menyu ya laini, futa programu hiyo, kisha piga namba rasmi ya huduma yako uripoti.

Mfundishe mtu mmoja leo

Nyumbani kwako huenda kuna mtu ambaye hubonyeza mara tatu tatu simu ikichelewa. Labda ni mama, labda ni shosho, labda ni yule kijana wa dukani kwako. Mwonyeshe kwenye simu yake orodha ya miamala iko wapi, kisha mwachie sentensi moja: kiduara kikizunguka, pesa inaweza kuwa imeshaenda, kwa hivyo angalia kwanza ndipo urudie.