Malkia huyu kitambaa kanunua kwa nani? Swali la bibi lililookoa ufalme wa daftarini

Nilikuta daftari la hisabati la binti yangu limejaa ramani. Kurasa za mbele zilikuwa na sehemu na desimali. Kuanzia katikati kulikuwa na milima, mito, ngome tatu na majina ambayo hayapo katika kitabu chochote cha jiografia. Ufalme wenyewe unaitwa Zamaru. Una theluji mwaka mzima, una joka mmoja mzee, na una malkia mwenye gauni la hariri ya zambarau linaloburuzika hadi ukurasa wa pili.

Binti yuko darasa la sita. Wiki hiyo alikuwa ameleta alama 19 kati ya 50 za hisabati. Nililichukua lile daftari nikaliweka juu ya kabati, nikamwambia nikiona tena michoro ya namna hiyo nitaichana mbele yake. Hakulia. Alisema tu, "Sawa mama." Kwa siku tatu hakuchora kitu, na wala hakuwa na maneno mengi.

Aliyeliteremsha ni mama yangu, alipokuja kutusalimia. Mama ni fundi cherehani, amekaa kwenye kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Alivaa miwani, akafungua daftari taratibu, kisha akamwita mjukuu wake akae karibu. Habari za joka hakuuliza. Aliweka kidole kwenye gauni la malkia.

"Mjukuu wangu, huyu kitambaa kanunua kwa nani?"

"Hajanunua, bibi. Ni malkia."

"Malkia naye havai hewa. Hii si umeniambia hariri? Mdudu wa hariri anakula majani mabichi. Huko kwenu kwenye barafu anakula nini?"

Binti alinyamaza. Baadaye akachukua penseli. Kabla ya kulala Zamaru ilikuwa na bandari, kwa sababu hariri lazima itoke ng'ambo. Theluji ilipunguzwa ikawa miezi minne, meli zipate kupita. Kisha likaja swali gumu zaidi: hao wa ng'ambo watalipwa nini? Akachora kondoo.

Nilikaa jikoni nikisikiliza, nikijisikia vibaya kidogo.

Mambo ambayo filamu haziyaonyeshi

Watoto wengi wa umri huu hujitungia dunia zao. Ngome, mapanga na malkia huvitoa kwenye katuni, filamu na michezo ya simu, ambayo nayo imeazima Ulaya ya zama za kati, yaani takriban kati ya mwaka 500 na 1500. Tatizo ni kwamba filamu huonyesha nguo zikiwa tayari zimevaliwa. Haionekani kazi iliyozileta mwilini.

Ukitaka kumsaidia mtoto aliyezama katika dunia kama hiyo, anza na nguo. Kila uzi una mahali ulikotoka, mtu aliyeusokota na njia uliyopita.

Chukua mfano wa Uingereza ya karne ya 13 na 14. Mali yake kubwa ilikuwa sufu. Kondoo walichungwa huko, sufu ikafungwa magunia na kuvushwa bahari hadi Flanders, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Ubelgiji. Wafumaji wa miji ya Ghent, Bruges na Ypres waliigeuza kuwa vitambaa vizito vilivyouzwa mbali. Mfalme alitoza ushuru kwa sufu iliyotoka nchini, na fedha hizo zikasaidia kulipia vita vyake. Hata leo, anayeongoza vikao vya Baraza la Malodi jijini London hukalia kiti kilichojazwa sufu, kumbukumbu ya utajiri ule.

Kabla ya kufuma kuna kusokota, na kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, zaidi na wanawake. Hata gurudumu la kusokotea lilipoenea Ulaya kuanzia karne ya 13, mfumaji mmoja bado alihitaji wasokotaji kadhaa ili asikose uzi. Ndiyo maana nguo ilikuwa ghali. Ilitiwa viraka, ikageuzwa, na mtu akifa ilitajwa kwenye wosia pamoja na vyombo vya nyumba.

Rangi nayo ina safari yake. Wekundu ulitoka kwenye mizizi ya mmea, na njano kwenye mmea mwingine. Ili rangi hizo zishike, kitambaa kilichemshwa na shabu, ile ile wanayoitumia vinyozi. Shabu nyingi ya Ulaya ilinunuliwa kutoka maeneo ambayo leo ni Uturuki, mpaka miaka ya 1460 ilipopatikana kwa wingi huko Tolfa, Italia. Kwa hiyo hata aliyefuga kondoo wake mwenyewe alimtegemea mfanyabiashara wa mbali ili apate nguo nyekundu.

Na kwa kuwa nguo ilionyesha hali ya mtu, wakubwa walitaka kuilinda. Mwaka 1363 Uingereza ilitunga sheria iliyoeleza kila tabaka livae kitambaa cha namna gani. Wakulima na wachungaji walitakiwa wabaki na sufu duni. Sheria hiyo haikudumu. Binti aliposikia habari hiyo aliuliza, "Sasa mtu akiokota kilemba cha hariri je?" Nikamwambia hapo ndipo hadithi inapoanzia.

Na huku kwetu je?

Siku ya pili aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mama, zama hizo sisi tulikuwa tunavaa nini?"

Jibu lipo, tena limeandikwa. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mogadishu alipewa mavazi ya heshima: shuka ya hariri ya kufunga kiunoni, vazi la kitani cha Misri, joho la kitambaa cha Jerusalem lenye bitana, na kilemba cha Misri. Hebu fikiria, mwili mmoja umebeba nchi ngapi. Aliandika pia kwamba Mogadishu yenyewe ilifuma vitambaa vilivyopelekwa hadi Misri. Kwa hiyo watu wa pwani hii walinunua nguo, na nguo zao pia zilinunuliwa.

Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyotoka bara na kupitia Sofala, katika Msumbiji ya leo. Wanaakiolojia wamechimbua Kilwa vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, vilivyotiwa kwenye kijiti ili kusokota uzi wa pamba. Na sarafu ya Kilwa imepatikana mbali bara, kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu.

Meli hazikwenda kwa matakwa ya nahodha. Kaskazi ilizileta kutoka Arabia na India, kusi ikazirudisha. Mfanyabiashara aliyechelewa upepo alilazimika kusubiri msimu mwingine, na katika kusubiri watu walioa, walijenga na walijifunza lugha.

Habari iliyomgusa zaidi bibi ni ya Sofala. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba watu wa huko walifuma pamba nyeupe, lakini hawakuwa na rangi ya kuitia. Basi walinunua vitambaa vya rangi kutoka Cambay, India, wakavifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Bibi alitikisa kichwa. "Hao walikuwa mafundi," alisema. "Kufumua ni kazi kuliko kushona."

Binti alitazama ramani yake kwa muda. Kisha akasema, kama anayejiuliza mwenyewe, "Sikujua ninaweza kuweka jahazi." Zamaru sasa ina pwani ya kusini yenye joto, mji wa mawe ya matumbawe, na malkia wa pili. Huyu hana ngome. Ana maghala, na malkia wa theluji anamdai na kudaiwa naye.

Maswali ya kumuuliza mtoto

Huhitaji kuwa mwalimu wa historia. Uliza, kisha mwache afikirie:

- Nguo hii ni ya nini: pamba, sufu, kitani, hariri au ngozi? Mmea au mnyama huyo anaishi katika hali ya hewa gani?
- Nani alisokota, nani alifuma, nani alitia rangi? Wanalipwa?
- Kama kitu hakipatikani kwao, kinapita njia gani, na nani anatoza ushuru njiani?
- Wao wana nini ambacho wengine wanakitaka?
- Nani haruhusiwi kuvaa nguo hii, na akiivaa nini kinatokea?

Angalizo: usigeuze mchezo kuwa mtihani. Binti akichora kanga katika mji wa zama hizo, ninaweza kumweleza kwamba kanga tunazozijua zilianza karne ya 19, lakini dunia ni yake. Akitaka ziwepo, zitakuwepo. Joka naye tumemwacha. Bibi aliuliza tu anakula kondoo wangapi kwa mwezi, kwa sababu sufu itapungua.

Hapo ndipo hisabati iliporudi kwa mlango wa nyuma. Kondoo 240, joka anakula 6 kila mwezi, wanaozaliwa ni wangapi ili malkia asifilisike? Alikokotoa mara mbili bila kuambiwa, akagundua kosa lake mwenyewe.

Mtihani uliofuata alipata 26 kati ya 50. Sidai kwamba Zamaru ndiyo iliyoziongeza alama hizo, maana tulikaa naye pia kwenye sehemu na desimali jioni nyingi. Ninachojua ni kwamba sasa ananiletea daftari mwenyewe, na mimi nilikuwa karibu kulichana.

Tumemnunulia daftari jingine la ramani, ili lile la hisabati libaki la hisabati. Bibi alipoondoka alimwachia vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji, kila kimoja kimefungwa na karatasi ndogo. Binti amepewa kazi: aandike kila kipande kimetoka wapi. Viwili bado hajavijua. Anasubiri bibi arudi.