Noah, Serena au Hiace? Yapi ya kuzingatia kwa wanunuzi wa Masasi na Newala

Na Mwandishi Wetu, Masasi

MALIPO ya korosho yanapopita katika vyama vya msingi vilivyo chini ya MAMCU na TANECU, baadhi ya wakulima wa wilaya za Masasi na Newala huyaelekeza katika ununuzi wa gari la familia ambalo pia litabeba mzigo na abiria. Uamuzi huo hugharimu mapato ya misimu kadhaa, hivyo unastahili kufanywa kwa kuangalia barabara kabla ya kuangalia rangi ya bodi.

Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga. Kiangazi mchanga hulegea, na masika njia za vijijini huchimbika. Anayetoka Newala kwenda Masasi hulazimika kuteremka ukingo wa uwanda huo, na kurudi ni kupanda akiwa na mzigo. Mwendo wa namna hiyo huzitesa breki, gia na mfumo wa kupoza injini kuliko safari ndefu ya lami.

Toyota Noah ndiyo iliyozoeleka zaidi, na sababu kubwa ni vipuri na mafundi wanaoifahamu. Hata hivyo, Noah si gari moja. Zile za kabla ya mwishoni mwa mwaka 2001 zina injini chini ya viti vya mbele na huendeshwa na magurudumu ya nyuma, jambo linalosaidia kupanda mlima gari likiwa limejaa. Zilizofuata zina injini mbele na, isipokuwa zile za magurudumu manne, huvutwa na magurudumu ya mbele; sakafu yake iko chini na wazee hupanda kwa urahisi. Baadhi zina injini ya D4, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mwenye gari hilo asinunue petroli ya kwenye madumu.

Nissan Serena ina nafasi nzuri na viti vyake hukunjika vyema. Matoleo mengi hutumia gia aina ya CVT, inayohitaji mafuta yake maalumu na isiyovumilia joto kali. Kwa mkazi wa mjini hilo si tatizo kubwa; kwa anayepandisha magunia Newala kila wiki, ni hatari ya kweli. Toyota Alphard ni tulivu, lakini injini zake za lita 2.4 na 3.0 hutumia mafuta mengi.

Hiace ni ghali kuinunua, lakini kwa kazi ya kila siku ya abiria na mizigo haina mshindani kati ya magari haya, hasa ya dizeli.

Bei ya mtandaoni isimdanganye mnunuzi. Ushuru wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huongezeka kwa gari lililochakaa kwa umri, na kikokotoo cha Mamlaka hiyo huonesha kiasi hicho kabla ya kuagiza. Kwa gari lililokwishatumika nchini, mnunuzi ampeleke fundi wake mwenyewe, alione chini ya uvungu na kulijaribu mlimani, si kwenye uwanja wa muuzaji.

Anayekusudia kubeba abiria kwa malipo anapaswa kupata leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na namba nyeupe za biashara. Idadi ya abiria ni ile iliyoandikwa katika kadi ya gari, na mtoto anayepakatwa mlangoni mwa Noah iliyojaa hana mkanda wa kumshika breki zinapogoma mteremkoni.