Ugonjwa wa sukari haungoji mtu anenepe

Wengi wetu tunajua kuwahi kituo cha afya kwa malaria au kuhara. Ugonjwa wa sukari ni tofauti. Unaweza kukaa mwilini miaka bila maumivu, huku ukiharibu macho, figo na miguu.

Tujifunze kwa wakimbizi waliotutangulia. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Wapatao 28,000 walipokelewa Uingereza. Wengi walifikia kambini, na baadaye maelfu wakahamia mji wa Leicester. Katika miaka iliyofuata, waganga wa Uingereza waliona kwamba watu wenye asili ya India, Pakistan na Bangladesh hupata sukari zaidi kuliko wenyeji, wakiwa na umri mdogo zaidi, tena hata wasipokuwa wanene. Sababu ni asili ya mwili, pamoja na mabadiliko ya chakula na kazi.

Matibabu yalikuwa bure, lakini lugha ilikuwa kizuizi. Mzee aliyejua Kigujarati tu hakuelewa maelezo ya dawa, na mara nyingine mtoto wake ndiye aliyetafsiri. Ndiyo maana mafunzo na wakalimani wa lugha zao vilihitajika.

Kwetu Rwanda, mwaka 2019 serikali na UNHCR walianza kuwaingiza wakimbizi waishio Kigali katika bima ya mituweli. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini bima haitamsaidia mgonjwa asiyepimwa, au asiyeelewa jinsi ya kumeza dawa.

Kwa hiyo:

- Nenda ukapimwe ukiwa na kiu isiyoisha, ukikojoa mara nyingi usiku, ukikonda bila sababu, ukiona ukungu, au ukiwa na kidonda kisichopona.
- Omba kupimwa hata kama hujisikii vibaya, ikiwa mzazi au ndugu yako ana sukari, umepita miaka 40, au uliwahi kupata sukari ukiwa mjamzito.
- Ukipewa rufaa ya kwenda Kigali, beba karatasi zako na dawa unazotumia. Usipoelewa lugha ya daktari, omba mkalimani mtu mzima. Mtoto asibebeshwe siri za mgonjwa.
- Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Zikikaribia kwisha, rudi kituoni mapema.

Kupima ni tone moja la damu kidoleni. Ukichelewa, unaweza kupoteza mguu au macho.