Bogoria: nyika waliyoikanyaga wapagazi wetu

Ukimwambia mtu wa Mombasa au Malindi kwamba unakwenda Nakuru, fikira zake hukimbilia baridi, mahindi na maziwa. Ni wachache wajuao kwamba ukishika njia ya kaskazini kutoka mji huo, kwa mwendo wa saa mbili hivi za gari, unaingia nchi nyingine kabisa: nchi ya migunga, mawe meusi na vumbi, yenye joto kama letu lakini isiyo na upepo wa bahari. Si jangwa kamili, ila mvua zake ni haba na mito yake mingi ni ya msimu. Humo ndimo ilimo Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Bogoria, katika Baringo, yenye kilomita za mraba 107. Kuiona kwa haki kunataka siku tatu.

Siku ya kwanza ni ya njia. Huko Mogotio barabara inavuka Ikweta, na kutoka hapo ardhi inazidi kushuka na kukauka. Msafiri Mwislamu hana taabu ya kukitafuta kibla: ni kaskazini, kwa kuelekea mashariki kidogo tu. Kwa safari ya siku hizo anayo pia ruhusa ya kupunguza Sala na kuzikusanya. Lakini maji ya kunywa na ya udhu na ayachukue kwenye madumu, kwani ya ziwani ni ya magadi makali.

Siku ya pili ni ya ziwa lenyewe. Upande wa mashariki umesimama ukuta wa miamba ya Siracho, ambako hukaa tandala wakubwa wenye pembe za kujisokota. Upande wa magharibi, hasa Loburu, ardhi inatokota: maji yanaruka juu na mvuke unatanda, kwa kuwa chini ya Bonde la Ufa mawe bado yana moto. Ni maji ya kuchemsha yai, basi watoto washikwe mikono. Ukingoni hukusanyika heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Kuna nyakati huwa maelfu kwa maelfu, na nyakati nyingine huhamia maziwa mengine, wakifuata mwani mdogo sana ambao ndio chakula chao na ndio unaowapa rangi ya waridi. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana. Hapa Bogoria yalifunika lango la Loboi na baadhi ya chemchemi.

Siku ya tatu ni ya Baringo, ziwa la maji matamu lililo kaskazini kidogo, na hapa mtu wa pwani na asimame atafakari. Katika karne ya 19 misafara ya pembe iliyotoka Mombasa na Pangani ilipiga kambi kwa Wachamus, ambao watu wa misafara waliwaita Wanjemps. Wachamus walimwagilia mashamba yao kwa mifereji, na nafaka yao ndiyo iliyowaokoa wengi na njaa. Mskochi Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883, Mhangari Samuel Teleki akafuata mwaka 1887 akielekea Ziwa Turkana. Vitabu huwaita wavumbuzi. Lakini wote wawili walifuatana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekwisha kuijua njia kabla yao, na mizigo yao ilibebwa na mamia ya wapagazi wa pwani.

Hata Bogoria ina kisa hicho. Wazungu waliliita ziwa hilo Hannington, kwa jina la askofu aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Wapagazi aliotoka nao pwani, ambao baadhi yao waliuawa pamoja naye, hawakupewa hata kijito.

Na kama sisi tulivyosahauliwa katika majina, wako waliosahauliwa katika ardhi. Waendorois wamelisha mifugo yao kando ya Bogoria kwa karne nyingi; hapo wana makaburi ya wazee wao na mahali pao pa ibada. Eneo lilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1973, walianza kuhamishwa. Walishtaki mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwezi wa Februari 2010 ikatangazwa hukumu kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba warudishiwe ardhi ya mababu na kulipwa fidia. Utekelezaji wake umekwenda mwendo wa kinyonga. Mwaka 2011 ziwa liliingizwa katika Urithi wa Dunia. Wenyewe bado wanadai urithi wao.

Basi, ndugu msomaji, nenda Bogoria. Nenda ukamwone heroe na maji yanayochemka bila ya kuni, useme Subhanallah. Lakini usirudi ukasimulia kwamba umeona nchi tupu. Wewe unayehuzunika kuona makaburi ya wazee wako yakizungushiwa ua na mgeni, utaelewa upesi kuliko wengine. Mwajiri mwongoza njia wa hapo hapo, mwulize mlima ule unaitwaje na kijito kile kinaitwaje, nawe usikilize. Mgeni mwema hujua kwanza amefika kwa nani.