Wale Saba wa Yerusalemu

Leo tutafakari Matendo ya Mitume, sura ya 6.

Katika kanisa la kwanza walikuwamo waumini wenye kusema Kiyunani, na wengine wenye kusema Kiebrania. Yakatokea manung'uniko: wajane wa Wayunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, bali waliwataka waumini wachague watu saba wenye sifa njema. Yatazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Yote ni ya Kiyunani! Upande uliolia kwamba umesahauliwa ndio uliokabidhiwa meza.

Je, habari hii yatuhusu sisi Wakenya? Yatuhusu sana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 walikufa, kwa kuwa wengi waliamini kwamba ashindwaye hukosa yote. Hata waliokimbilia kanisani kule Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa tarehe 1 Januari 2008. Tarehe 28 Februari, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano, na serikali ikawa ya pande mbili, yenye Rais na Waziri Mkuu.

Lakini wakubwa wawili waweza kula pamoja, na wajane wakabaki na njaa. Basi Katiba ya 2010 ilishusha mamlaka hadi kaunti 47, nazo hupewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Tena atakaye urais hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kabila lake peke yake halimtoshi.

Sheria ni njema, ila moyo je? Mwaka huo wa 2008 viongozi wa makanisa walikiri hadharani kwamba tuliegemea pande. Basi tuanzie nyumbani. Katika kanisa letu, ni nani walio wachache? Je, yuko mmoja wao kati ya wazee wa kanisa? Je, yuko ahesabuye sadaka? Tusingoje wanung'unike. Tuwape nafasi mezani.

Mungu awabariki. Amina.