Mabakuli ya tambi na vijiti vya kulia chakula

Tambi za kuchemsha kwa dakika chache zimekwishaingia majikoni mwetu hapa Miembeni, na vijana waliozoea tamthilia za Kikorea sasa wanataka mabakuli yake na vijiti vyake. Mzazi huuliza kwanza: je, huku si kuwaiga wasio Waislamu? Tunaona sivyo. Katika mji wa Lanzhou, nchini China, tambi mashuhuri za mchuzi wa ng'ombe ni mapishi ya Waislamu wa kabila la Hui, nao huzila kwa vijiti. Linalotulazimu ni mkono wa kuume. Basi mtoto afundishwe hivyo tangu siku ya kwanza. (Ndizi zetu, bila shaka, zitabaki za vidole.)

Dukani tuchague bakuli lenye kina na kitako kilichoinuka, ili mchuzi wa moto usiunguze viganja. Vijiti vya mianzi visivyopakwa rangi ndivyo tunavyovipendelea: haviponyoki upesi, wala hakuna rangi ya kubanduka mdomoni. Vioshwe mara baada ya kula na kuanikwa, kwani unyevu wa Bukoba huvitia ukungu.

Shaka kubwa haimo katika vyombo, imo katika pakiti yenyewe. Baadhi ya tambi hutiwa mafuta au ladha ya nguruwe, na maandishi huwa ya lugha tusizozisoma. Pakiti isiyo na alama ya halali irudishwe rafuni, hata bei ikiwa nafuu. Tambi za ngano za kawaida, zikiungwa kwa kitunguu, tangawizi na mchuzi wa kuku tuliyemchinja wenyewe, zatosha kulijaza bakuli.