Gari la mzee limelala miaka mitatu? Nusa kabla ya kuwasha

Mama ndiye aliyetuokoa, na wala hakuwa na habari za magari. Alikuwa nyuma ya nyumba, kijijini kwetu Kyerwa, anapika ndizi kwa kuni. Akapaza sauti: "Nyie, mbona petroli inanuka mpaka huku jikoni?"

Tulikuwa tumekuja likizo ya Desemba, familia tatu, watoto tele. Pikapu ya mzee, Toyota ya zamani ya kabureta, ilikuwa imelala kibandani karibu na migomba tangu alipougua. Zamani ilibeba magunia ya kahawa kupeleka chama cha msingi, na wagonjwa wa kijiji kizima. Mzee alitaka aisikie tena ikinguruma. Mpwa wangu akafunga betri, akamimina lita tano za petroli, akaanza kupiga stata. Pale mama alipoita, chini ya gari palikuwa tayari pameloa, na jiko la kuni halikuwa mbali hata hatua ishirini.

Fundi tuliyemwita alifika kwa bodaboda kutoka Nkwenda. Hakuuliza gari limefanya nini. Aliuliza: "Moto uko wapi, na watoto wako wapi?"

Kwanza moto, gari baadaye

Petroli yenyewe ni ya kuogopwa, lakini mvuke wake ni wa kuogopwa zaidi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai juu ukapotea. Hutambaa chini kama maji, huingia mabondeni na vibandani, na ukikutana na jiko, sigara au cheche ya betri, unawaka. Watanzania hatujasahau Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Fundi alituagiza tuzime jiko na watoto wapelekwe kwa jirani. Tukalisukuma gari kwa mikono hadi uwanjani penye upepo. Akafungua boneti, akaacha harufu ipungue, ndipo akachomoa waya wa hasi wa betri. Kando aliweka mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu na ndoo ya mchanga. Moto wa petroli haumwagiwi maji, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na kusambaa ikiwaka.

Kwa nini gari lililolala huvuja?

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa mvua hunyesha misimu miwili, vuli na masika. Tenki likikaa nusu tupu, unyevu wa hewani hugeuka matone ndani yake na kutu huanza. Kwa nje, tope lililokauka juu ya tenki hushika maji na kula bati polepole. Mipira ya mafuta hukakamaa na kupasuka, na panya wa migombani huitafuna. Petroli iliyobaki nayo huchacha na kuacha utomvu unaonata, ambao huziba njia nyembamba za kabureta.

Jiulize: linavuja wakati gani?

Hapa ndipo nilipojifunza. Fundi alipangusa sehemu zote zilizolowa kwa kitambaa, akatandika katoni chini ya gari, kuanzia mbele hadi nyuma. Tukasubiri. Petroli hukauka upesi na kuacha baka tu, ila harufu yake huijui ukaikosea. Dizeli haikauki haraka. Hunasa vumbi ikawa tope jeusi.

Alinieleza hivi:

Likivuja likiwa limesimama na mafuta ni kidogo, shuku sehemu ya chini: kitako cha tenki au nati ya kumwagia mafuta.

Likivuja pale tu unapojaza, shuku mpira wa mdomo wa kujazia, mpira wa kupumulia au sili iliyo juu ya tenki.

Likivuja injini ikiwaka tu, shuku upande unaosukumwa na pampu: mipira, filta, pampu yenyewe, kabureta, au sili za nozeli kwa magari ya kisasa zaidi.

Letu lilidondosha tone moja moja kwenye katoni ya nyuma. Akafuata unyevu kwenda juu, maana tone huangukia mbali na lilikotoka. Palikuwa na tundu dogo kama la sindano, mahali mkanda wa chuma unaposhika tenki.

Mpwa wangu alikwishaleta kipande cha sabuni ya mche aliziba. Fundi akacheka: "Hiyo ya kukutoa porini, si ya kubebea watoto."

Tenki lilishushwa, likapelekwa gereji. Lilioshwa vizuri kabla ya kuchomelewa, kwa sababu tenki "tupu" lina mvuke na linaweza kulipuka kuliko lililojaa. Usikubali fundi alichomelee bila kuosha.

Tundu moja huficha jingine

Siku ya tatu tenki lilirudishwa. Katoni ikabaki kavu. Tukawasha, na dakika chache baadaye kabureta ikaanza kulowa. Boya dogo la ndani lilikuwa limenaswa na utomvu, sindano haifungi, petroli inafurika. Akazima mara moja, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa. Oili ilinuka petroli na ilikuwa imepanda. Oili ya namna hiyo hailainishi injini tena, basi ikamwagwa yote. Kabureta ikasafishwa, mipira yote ikabadilishwa kwa mipira halisi ya mafuta, si ya maji, pamoja na filta na klipu mpya.

Chupa ya soda

Mwishoni ilibaki petroli chafu kidogo. Mpwa akaenda kuchukua chupa ya soda. Mama alimzuia mlangoni: "Hapana, mwanangu. Hapa kuna mtoto wa miaka minne."

Alikuwa sahihi. Mtoto haoni petroli, anaona soda. Akiimeza, inaweza kuingia kwenye mapafu. Usimtapishe, usimlazimishe kunywa maziwa, mkimbize hospitali. Vivyo hivyo, usinyonye mafuta kwa mdomo kupitia mpira. Weka petroli kwenye dumu lake, lenye kifuniko, mbali na watoto na jiko. Moto ukizuka, ondoa watu kwanza, kisha piga 114, namba ya Zimamoto.

Mzazi mwenzangu, ukirudi nyumbani likizo hii na ukakuta gari la mzee kibandani, usikimbilie ufunguo. Nunua katoni na uvumilivu wa nusu siku. Mzee wetu alizungushwa hadi barabarani na kurudi, akitabasamu kiti cha mbele. Nyuma hatukupakia mtoto hata mmoja mpaka katoni ilipolala kavu usiku mzima.